Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Tazama Unene wa Waya



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, lishe na malezi ya watoto. Mwezi huu tunaomba mtufuate hadi kwenye ile kona ya nyumba inakowekwa betri na inveta. Msishangae kwamba wauguzi wanazungumza juu ya nyaya. Waya ukishika moto usiku, fundi umeme huwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Walioungua huletwa kwetu.

Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafanya wengi wetu wanunue inveta. Hata baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, umeme bado hukatika siku ya matengenezo au ya mvua na upepo, na inveta zimebaki majumbani. Ni chombo kizuri. Watoto wanasoma jioni, chakula hakiharibiki, na mama mwenye mgonjwa wa kisukari hapati wasiwasi juu ya insulini iliyoko kwenye friji. Lakini chombo kizuri kikifungwa vibaya huleta hasara, na pengine msiba.

Mama mmoja msomaji wetu, mwenye watoto wanne, ameleta shida yake. Nyumbani kwake wana inveta ya wati 1000 na betri moja ya volti 12. Betri iko stoo, inveta iko sebuleni, na kati yake kuna waya wa mita tatu uliopitishwa ukutani nyuma ya kitanda cha watoto. Taa na televisheni huwaka vizuri. Lakini friji ikianza tu kunguruma, inveta hupiga kelele na kuzima kila kitu. Fundi ametazama na kusema betri imekufa, inunuliwe nyingine. Baba wa nyumba ameanza kutafuta pesa, na pesa iliyopo ni ile ya ada ya muhula. Mwishoni mama huyu ameongeza neno moja, kama jambo dogo tu: waya ule hupata joto ukiushika.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotushtua, na ndilo lenye jibu. Huenda betri yake ni nzima kabisa, na waya ndio mwembamba.

TANKI LA MNARANI NA TANKI LA KWENYE STULI

Watu wengi hudhani kwamba volti 12 ni umeme mdogo, kwa hiyo waya wowote unatosha. Fundi asiyejali huchukua kipande kilichobaki alipofunga soketi za nyumba, akakiunga kwenye betri, akamaliza kazi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Fikirini matanki mawili ya maji. Moja liko juu ya mnara mrefu, jingine liko juu ya stuli. La mnarani linasukuma maji kwa nguvu, hivyo bomba jembamba linajaza ndoo upesi. La kwenye stuli halina nguvu hiyo. Ukitaka lijaze ndoo ileile kwa muda uleule, ni lazima ulifungie bomba pana.

Umeme wa nyumbani wa volti 230 ni kama tanki la mnarani. Betri ya volti 12 ni tanki la kwenye stuli. Ili kupata wati 1000 kutoka umeme wa volti 230 zinahitajika ampea 4 na kidogo tu. Ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Wati hizohizo 1000 zikitoka kwenye betri ya volti 12 zinahitaji ampea 83, na kwa kuwa inveta yenyewe nayo hula kidogo, hesabu inakaribia ampea 100. Basi waya wa upande wa betri unabeba zaidi ya mara 20 ya ule unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye televisheni.

Waliojifungulia hospitali watakumbuka pia sindano ya dripu. Mtoto mchanga huwekewa ile nyembamba ya njano. Mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huwekewa ile pana ya kijivu au ya rangi ya machungwa, kwa sababu damu na maji vinatakiwa viingie haraka, na njia nyembamba ingechelewesha. Hatuchagui sindano kwa kutazama iliyobaki kwenye trei. Tunatazama kiasi kinachotakiwa kupita. Waya nao huchaguliwa hivyohivyo.

HESABU YA MAMA NA PENSELI

Hesabu yenyewe si ngumu kuliko ya vikoba. Tazama wati zilizoandikwa kwenye inveta. Kama betri ni ya volti 12, gawa wati hizo kwa 10. Kama ni ya volti 24, gawa kwa 20. Kama ni ya volti 48, gawa kwa 40. Jibu ni ampea ambazo waya wa betri unatakiwa uweze kubeba. Kipimo hiki tayari kimeacha nafasi ya zile zinazoliwa na inveta.

Tumieni wati za inveta, si wati za vyombo mnavyovitumia leo. Leo mna taa na redio. Kesho binti wa kazi atachomeka pasi bila kuuliza, na waya ni lazima ustahimili siku hiyo.

Unene wa waya hupimwa kwa milimita za mraba za shaba iliyo ndani. Kwa waya wa shaba halisi, wenye urefu usiozidi mita 2 kutoka betri hadi inveta, na usiofukiwa ndani ya ukuta, vipimo hivi vinafaa:

Inveta ya wati 300, betri ya volti 12: ampea 30, waya wa 10.

Inveta ya wati 600, betri ya volti 12: ampea 60, waya wa 16.

Inveta ya wati 1000, betri ya volti 12: ampea 100, waya wa 35.

Inveta ya wati 1500, betri ya volti 12: ampea 150, waya wa 50.

Inveta ya wati 1000, betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24: ampea 50, waya wa 16.

Inveta ya wati 2000, volti 24: ampea 100, waya wa 35.

Kama kijitabu kilichokuja na inveta kinataja waya mnene zaidi, fuateni kijitabu. Angalieni pia kwamba volti zikiongezeka mara mbili, ampea hupungua kwa nusu. Ndiyo maana familia inayotaka inveta kubwa hushauriwa kutumia volti 24 au 48 badala ya 12.

Waya wa 35, pamoja na ganda lake la plastiki, unakaribia unene wa kidole kidogo cha mkono. Waya wa soketi za nyumbani, ule wa 2.5, ni mwembamba kuliko penseli. Mkiuona waya wa penseli kwenye betri ya inveta ya wati 1000, msihitaji kuambiwa zaidi.

Jihadharini pia na namba. Nyaya zinazopimwa kwa kipimo cha Marekani huhesabiwa kinyume, kama sindano zetu za dripu: namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Namba 2 ya huko inakaribia milimita 35 za mraba.

UREFU NAO UNA GHARAMA

Kila mita ya waya hula sehemu ya volti za betri, na kilicholiwa hugeuka joto. Kwa wapendao hesabu, kanuni ni hii: chukua mita za kwenda na za kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene wa waya. Jibu ni volti zinazopotea njiani.

Tuwapimie waya wa mama yetu yule. Tuseme fundi alitumia waya wa 4. Mita tatu kwenda na tatu kurudi ni mita sita. Taa, televisheni na friji vikiwaka pamoja vinachukua kama ampea 30. Volti zinazopotea ni karibu 0.8, na inveta inavumilia. Lakini friji inapoanza kunguruma huvuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa kitambo kifupi. Ampea zikifika 80, zinazopotea ni volti 2.1. Betri yenye volti 12.2 inafika kwenye inveta ikiwa na volti 10.1. Inveta nyingi hujizima zikifika karibu volti 10.5 ili kulinda betri. Kwa hiyo inveta inalia kwamba betri imekwisha, na kumbe betri imejaa. Umeme umeishia njiani.

Siku watakapochomeka pasi ya wati 1000, waya huohuo utapitisha ampea 100, karibu mara tatu ya uwezo wake. Ndani ya mita hizo sita kutakuwa na joto la wati 260, zaidi ya balbu mbili za zamani za wati 100 zilizolala ukutani nyuma ya kitanda cha watoto. Kama inveta haikujizima mapema, plastiki italainika, kisha itayeyuka. Betri ya pili ikiongezwa bila kubadili waya, hatari haipungui. Betri mbili zikiunganishwa kwa volti 12 zilezile husukuma umeme kwa muda mrefu zaidi kwenye waya uleule mbovu.

Dawa ni kufupisha waya wa betri na kurefusha ule wa volti 230. Inveta ikae karibu na betri, mita 1 au 2 tu, na kutoka kwenye inveta waya wa kawaida wa 1.5 kwa taa au 2.5 kwa soketi uende hadi sebuleni. Waya uliozidi ukatwe, usikunjwe kama kamba. Na waya mwekundu na mweusi ziwe za unene mmoja, kwa maana umeme unaokwenda kwa huu ndio unaorudi kwa ule.

VIPIMO VIWILI KABLA YA KUTOA PESA

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Washeni vyombo mnavyotumia kila siku, muache kwa dakika 20, kisha guseni ganda la waya kwa mgongo wa mkono, kama tunavyomgusa mtoto mwenye homa. Msiguse vichwa vya betri. Uvuguvugu kidogo hauna neno. Kama joto linakufanya uondoe mkono, zima inveta na usiiwashe tena mpaka waya ubadilishwe. Kama joto liko mwishoni tu, kwenye maungio, basi nati imelegea au waya haukubanwa vizuri, na hiyo nayo ni hatari.

Kipimo cha pili afanye fundi kwa mita yake, nacho ni cha dakika 5. Mzigo ukiwa umewashwa, apime volti kwenye vichwa vya betri, kisha apime pale waya unapoingia kwenye inveta. Tofauti ikizidi volti 0.4, ugonjwa uko kwenye waya au maungio. Tofauti ikiwa ndogo, lakini betri yenyewe imeshuka sana, hapo tutakubali kwamba betri imechoka. Sisi hatumwongezi mgonjwa damu kabla ya kupima wingi wa damu yake. Fundi naye asiihukumu betri kabla ya kuipima.

Mita chache za waya mnene zina bei, hatukatai. Lakini bei hiyo ni ndogo kuliko ya betri mpya. Kwa mama yetu yule, tofauti hiyo ndiyo ada ya mtoto.

KUZUNGUMZA NA BABA NA FUNDI

Wengine watasema mambo ya umeme ni ya wanaume. Lakini anayelala na watoto chumba kile ni nani? Anayeshinda nyumbani na kusikia harufu ya plastiki kwanza ni nani? Zungumza na mwenzako kwa upole, wakati wa utulivu, si mbele ya fundi. Mwambie, "Baba Neema, kabla hatujagusa ada, naomba tumwite fundi apime waya. Akituonyesha kwamba waya ni mzima, tutanunua betri." Mwanamume mwenye upendo hatakataa neno kama hilo.

Fundi naye aheshimiwe, lakini aulizwe. Tafuteni mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, na msione aibu kuomba kuiona. Mwulizeni maswali manne: Inveta hii itavuta ampea ngapi kutoka kwenye betri? Waya huu ni wa milimita ngapi za mraba? Urefu wake ni mita ngapi? Fyuzi iko wapi? Fundi mzuri hufurahia maswali kama haya. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Dukani, someni namba iliyochapwa juu ya waya, wala msidanganywe na unene wa plastiki. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Kwanguni ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya bandia hutoa weupe. Waya wa alumini ni mwepesi mkononi na hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule. Waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, kama ule wa mashine ya kuchomelea, hupindika kwa urahisi na unafaa kwa betri. Mwisho wa waya ubanwe kwa kichwa cha shaba ambacho mafundi hukiita lagi, kisha kikazwe kwa nati. Kuzungusha nyuzi kwenye kichwa cha betri kwa mkono ni kazi ya kubahatisha.

FYUZI NA PETE YA NDOA

Waya mnene peke yake hautoshi. Betri ya inveta, waya zake zikigusana, inaweza kutoa zaidi ya ampea 1000 kwa mara moja. Hakuna waya wa nyumbani utakaostahimili hilo. Kwa hiyo ni lazima kuwe na fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa rula ya shule. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko ampea za inveta na ndogo kuliko uwezo wa waya. Kwa inveta ya wati 1000 ya volti 12 yenye waya wa 35, fyuzi ya ampea 125 inafaa. Ikiungua, msiweke kipande cha waya mahali pake. Fyuzi imekufa ili nyumba isife. Tafuteni kwanza kilichoiua.

Mtu yeyote anayegusa vichwa vya betri avue pete na bangili kwanza. Pete ya ndoa ikigusa chuma na spana, na spana ikagusa kichwa cha pili, pete huwa nyekundu kama kaa ikiwa kidoleni. Kuivua kwa dakika kumi hakuvunji ndoa.

Mtu akiungua, mwondoeni kwenye hatari, vueni pete kabla kidole hakijavimba, mwagieni jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funikeni kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga wala ute wa yai. Waya ukiwaka moto, msimwage maji. Toeni watoto kwanza, na kama inawezekana bila hatari, zimeni inveta.

UKINGO WA NYUMBA YETU

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya azungushie kizuizi juu ya paa lake, ili asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Siku zile watu walikaa na kulala juu ya paa. Bwana hakuona kizuizi kuwa jambo dogo la mafundi. Alikiweka ndani ya sheria yake, kwa sababu uhai wa mtu ni wake.

Nyumba zetu leo zina hatari nyingine, na kizuizi chake ni waya wa unene unaostahili na fyuzi mahali pake. Kumwomba Mungu atulinde usiku, kisha tukawalaza watoto karibu na waya unaotuchoma mkono, si imani. Jioni hii, kabla ya sala ya familia, mama mpendwa, guseni waya ule kwa mgongo wa mkono. Na wewe uliyetuletea shida hii, hamisha kitanda cha watoto leo hii, wala usingoje fundi.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tukutane toleo lijalo.